Vitabu Vilivyovaa Nailoni

Mtaa ulinipa siku arobaini. Katika siku hizo watu wa Jogowaru wawe wameazima vitabu mara thelathini, la sivyo chumba cha kusomea kigeuzwe stoo ya viti vya plastiki na turubai la harusi na misiba. Uamuzi ulipitishwa kwenye kikao nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Pak Suradal, mbele ya chai na karanga za kuchemsha, na hakuna aliyeupinga. Hata mimi niliitikia kwa kichwa, kwa kuwa kwetu mtu hapingi neno huku mdomo umejaa karanga za mwenye nyumba.

Viti hivyo vilikuwa vimekaa barazani kwa Pak Suradal miaka mitatu, na mkewe alikuwa amechoka kupita ubavu ubavu kila anapokwenda kuanika nguo. Namwelewa. Lakini chumba kile ni mimi niliyekiomba, nikakipaka chokaa, nikapigilia rafu kwa mikono yangu. Nimetengeneza cherehani miaka thelathini na minane. Shule niliimaliza jioni jioni, tayari nina watoto wawili, na ninachokijua zaidi ya sindano na mkanda nimekipata vitabuni. Nilitaka na majirani wakipate. Badala yake, miaka miwili nzima daftari la kuazima lilikuwa na majina manne, na moja kati ya hayo ni la mgeni aliyedhani anajiandikisha kutoa rambirambi.

Kila niliyemuuliza alisema vitabu ni vizuri. Vizuri sana, Pak Mardi. Wale watatu walioazima walivirudisha kwa mikono miwili, wakanishukuru. Nikaamua kwamba tatizo ni aina ya vitabu. Nilikuwa nimenunua vya wachapishaji wakubwa: historia, kilimo, malezi. Pengine walitaka kitu chenye damu na machozi. Nilikuwa nimesikia kwamba hapa Yogyakarta wapo watu wanaojichapia vitabu wenyewe, nakala mia, nakala mia tatu, vya kila namna, na kwamba mara mbili kwa mwaka hukutana kuviuza. Kamati ya mtaa ikanipa fedha za vitabu kumi. Nikapanda pikipiki.

Walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa ghala la zamani la tumbaku, meza zaidi ya arobaini, na majalada yalikuwa mazuri, hilo siwanyimi. Tatizo ni kwamba kila kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni, kimebanwa kama tempe, ile mikate ya soya, dukani. Kwenye maduka makubwa nimezoea. Lakini kitabu cha duka kubwa angalau mtu amekisikia redioni. Hivi havijulikani hata na mama wa mwandishi, halafu vimezibwa.

Kwenye meza ya kwanza kijana mmoja aliyeitwa Galih, nywele kazifunga kisogoni, aliniita Mbah kabla sijasema neno. Sijafika umri wa kuitwa babu na watu wasio wajukuu zangu. Nikamwomba nikifungue kitabu kimoja.

"Ukifungua umenunua, Mbah."

"Nitajuaje kama nakitaka?"

"Soma nyuma."

Nikasoma nyuma. Iliandikwa kwamba kitabu hiki kitabadilisha namna ninavyouona ulimwengu. Nikachukua kingine, cha ufugaji wa kambare. Nacho kingebadilisha namna ninavyouona ulimwengu. Nikachunguza majina ya waliotoa sifa hizo, nikagundua kwamba aliyekisifu kitabu cha meza hii ndiye mwandishi wa kitabu cha meza ile, na mwandishi wa hiki ndiye aliyekisifu kile. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanakula bakuli moja la tambi.

Nikamuuliza Galih kitabu chenye jalada la bluu kinahusu nini.

"Upweke, Mbah."

"Na hiki chekundu?"

"Upweke pia. Lakini wa mjini."

"Na hiki cha upelelezi?"

Akakitazama kana kwamba na yeye anakiona kwa mara ya kwanza. "Hicho sijakisoma."

Nilipita meza kumi na saba namna hiyo. Kwenye moja waliniambia kitabu hakielezeki, kinahisiwa. Nikawauliza nitakihisije na nailoni ipo katikati. Kwenye nyingine msichana mmoja alinipa kadi ndogo yenye picha ya paka, akasema maelezo yote yako kwenye simu. Simu yangu ni ya kupigia. Saa sita ilikuwa imepita, jua liko utosini, na sikuwa na kitabu hata kimoja. Siku moja kati ya arobaini ilikuwa inayeyuka nami nimesimama.

Meza ya kumi na nane ilikuwa pembeni, jirani na choo. Mwenye meza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mbak Wening, anakunywa chai ya barafu kwa mrija kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa na vitabu kumi na viwili, na kwa kila kitabu kulikuwa na nakala moja iliyofunguliwa, imekunjika pembe, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Nikauliza zile ni za nini.

"Za kuonjea," alisema. "Mtu hanunui rambutani bila kuonja, Pak."

Nilivuta kigoda. Cha kwanza kilikuwa cha mizimu, kimeandikwa na muuguzi wa zamu za usiku kutoka Magelang, na ukurasa wa pili tu nilitamani kuangalia nyuma yangu ingawa ilikuwa mchana kweupe. Cha pili kilihusu wizi wa gongo la kijiji, lile la shaba la kupigwa kwenye ngoma: gongo limeibwa, na kila mtu anajua nani kaliiba, ila hakuna anayeona ni adabu kumtaja. Mfugaji wa kamba wa pwani ya kaskazini alikuwa ameandika juu ya miaka mia mbili ijayo, bahari ikiwa imefika sebuleni. Kulikuwa na katuni za mama mkwe na mkwewe wanaogombea jiko. Kulikuwa na kisa cha mapenzi cha wajane wawili waliokutana kwenye foleni ya pensheni, na nilipofika pale mwanamume anapomshikia mwenzake mwavuli nikafunga kitabu, nikajifanya natafuta miwani. Kulikuwa na mashairi ya mpaka rangi wa vitambaa. Haya sikuyapenda na nikamwambia hivyo.

"Umesoma mangapi?"

"Mawili."

"Basi hujachoka bado. Soma la tatu ndipo unitukane."

Nikasoma la tatu. Nikaliweka kwenye fungu langu bila maelezo, na yeye hakuyadai. Saa mbili zilipita, nikawa na vitabu vyangu kumi. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini nilimwambia kwamba kwenye uwanja mzima yeye peke yake ndiye anayeuza vitabu, wenzake wanauza nailoni. Akacheka, akaniuliza naenda kuvifanyia nini. Nikamweleza habari za chumba, za viti, za siku arobaini, na za majirani wanaosema vizuri sana kisha hawasomi.

"Kule kwako vimefunguliwa?" aliuliza.

"Vitabu vipi?"

"Hivyo vya zamani. Umevitoa nailoni?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba la. Vyetu ni safi kama siku vilipotoka kiwandani. Msimu wa mvua ukungu unaingia hata kwenye kabati la nguo. Tena heshima ya kufungua kitabu kipya nimewaachia wasomaji, maana mimi si mtu wa kujitanguliza.

Mbak Wening aliuweka chini mfuko wake wa chai. Hakucheka tena.

"Pak," alisema taratibu, "kwenu nani amewaambia kwamba wanaruhusiwa kufungua?"

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba chumba cha kusomea ni cha kusomea, jina lenyewe linatosha. Nikamlipa, nikaondoka, na njia nzima nikawa nabishana naye kichwani. Kufika taa za barabarani za Gondomanan akawa amenishinda. Kumbe asubuhi nzima nimewatukana watoto wa watu kwa jambo ninalolifanya kwangu mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Lakini dhana ya mgeni si ushahidi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bu Painem, jirani yangu mkaanga tempe, mmoja wa wale watatu walioazima. Nilimkuta kwenye karai lake. Nilianza na hali ya hewa, nikaenda bei ya soya, nikazunguka kwa magoti ya mumewe, kama inavyotakiwa. Hatimaye nikamuuliza kile kitabu cha malezi alichoazima mwaka juzi alikionaje.

"Kizuri sana, Pak Mardi."

"Sehemu gani ilikupendeza?"

Aligeuza tempe ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. "Jalada," alisema.

"Bu, ulikifungua?"

Alizima moto kabisa. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile alikiweka mezani nyumbani, akakitazama wiki nzima. Mumewe alimwonya asithubutu, anayefungua ndiye anayenunua. Wenzake wawili nao walifanya vivyo hivyo, waliambiana. Walidhani vile ni vya maonyesho, vya kupendezesha chumba ofisa wa kata akija.

"Miaka miwili, Bu Painem. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Tungekuambiaje? Unavifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa cha hariri. Tuliona aibu kukuharibia."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nilimshukuru, nikanunua tempe tano ambazo sikuzihitaji, nikaenda kwenye chumba, nikachana nailoni za vitabu vyote mia moja na themanini na nane, vya zamani na vipya. Mkasi wangu wa kukatia mikanda ya cherehani ulifaa. Asubuhi nikabandika tangazo mlangoni kwamba vitabu viko wazi, hakuna kulipa, na ukungu ni shauri langu.

Hapo ndipo taabu mpya ilipoanza. Watu walikuja, lakini hawakuandika. Kitabu cha muuguzi kilitoka siku ya kwanza kwa jina la mke wa fundi pancha, na hakikurudi. Nilipokifuata kwake nikaambiwa kiko kwa shemeji yake. Kwa shemeji nikaambiwa kiko kwenye upatu wa akina mama, wanakisoma kwa sauti, sura moja kila wanapokutana. Kile cha wajane wawili nilikifuata nyumba sita bila kukiona. Nilisimama kwenye kila mlango nikieleza umuhimu wa daftari. Kila mlango uliniambia ndiyo. Daftari likabaki jeupe kama wali.

Siku ya arobaini Pak Suradal alikuja na wajumbe wawili na viti sita vya kwanza mikononi, kana kwamba matokeo yameshatoka. Akafungua daftari, akahesabu kwa kidole. Kumi na saba. Akahesabu tena, kwa heshima, akapata kumi na saba.

Nilimweleza. Nilimwonyesha rafu zilizokuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Alisema mapengo si saini, na kwamba kamati ilikubaliana juu ya saini. Alisema kwa upole sana. Sijawahi kumchukia mtu mpole kama nilivyomchukia asubuhi ile. Chumba changu kilikuwa kinaondoka kwa sababu ya upungufu wa wino, na neno sahihi la kukizuia sikuwa nalo.

Aliyekuwa nalo alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Pak Suradal, samahani," alisema Bu Painem. "Kile cha mizimu kimepita kwa wanawake kumi na mmoja. Kiko kwangu sasa. Kile cha foleni ya pensheni kimepita kwa saba, na wa saba ni Bu Suradal. Anakificha ndani ya pipa la mchele ili usikione."

Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kumwambia mwenyekiti jambo kama hilo mbele ya wajumbe. Mmoja wao akaanza kuchunguza dari. Pak Suradal alikaa kwenye kimoja kati ya viti alivyovileta, akauliza kwa sauti ndogo kama mkewe amefika wapi kwenye hicho kitabu.

"Amemaliza. Anakirudia."

Chumba kilibaki. Viti vikaenda kwenye stoo ya msikiti, ambako vingekwenda tangu mwaka juzi kama mtu angeuliza. Lakini Pak Suradal hakuondoka mikono mitupu. Alisema daftari lisilosainiwa ni aibu kwa mtaa, na kwamba tangu leo litashikwa na mtu ambaye watu hawaoni haya kumwambia ukweli. Akamkabidhi Bu Painem kalamu yangu. Wajumbe wakaitikia kwa kichwa, nami pia, ingawa safari hii hapakuwa na karanga.

Anaandika vibaya. Hajali majina ya vitabu: anaandika "cha gongo", "cha mama mkwe", "cha bahari sebuleni". Nimemwonyesha mara tatu namna inavyotakiwa. Lakini kurasa za daftari zimejaa, na watu wanamwambia mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa: kwamba cha kilimo kinalaza usingizi, kwamba mashairi yale wanayataka mengine, kwamba hakuna hata kimoja chenye mchezo wa mpira.

Jumamosi Mbak Wening anatandika meza tena, safari hii upande wa Bantul, na ana waandishi wapya wanne. Bu Painem amesema atapanda nyuma ya pikipiki, maana hataki nichague peke yangu. Nimemwambia avae viatu vya kutembelea, na aje amekula.