Washarika wa Madagaska

Tangu watoto wake wahamie Dar es Salaam, Bibi Dorkas alikuwa akila chakula cha jioni na redio. Ndiyo maana alipompangisha Mwalimu Elibariki chumba cha mbele, huko kijijini Chome, hakujali sana kodi. Alitaka sauti ya mtu. Na sauti aliipata, maana kijana yule, aliyemaliza chuo juzijuzi, alifanya mazoezi ya somo la historia kwa kuhutubia viti.

Jioni moja, akimenya ndizi, Bibi alimsikia akisema kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia Mwingereza na Mfaransa walikuwa washirika. Masikio ya Bibi, yaliyozeekea kanisani, yakasikia washarika, watu wa kanisa moja. Kisu kikasita mkononi.

Baba yake, Loth, alichukuliwa na Waingereza kwenda vitani, akauawa na Wafaransa kisiwani Madagaska, Dorkas akiwa bado tumboni. Hakuwa na picha yake wala kaburi. Alichokuwa nacho ni kumsamehe Mfaransa. Kila Jumapili, Sala ya Bwana ilipofika kwenye kusamehe, alimsamehe upya, na kwa kitambo hicho alikuwa na baba.

Akaenda mlangoni. "Mwalimu, washarika gani hao wanaouana?"

Elibariki alicheka, akamsahihishia neno, kisha akamwona uso wake, akaacha. Akamweleza taratibu. Wafaransa waligawanyika: wapo waliomtii Mjerumani, ndio waliokishika kisiwa, na wapo waliokuwa na Mwingereza. Mwingereza akakivamia bila kuwaambia hao rafiki zake, nao wakashuku anataka kukimeza. Wakavutana kwa miezi, na kwenye hotuba kila mmoja akisema anapigania uhuru. Mwishowe Mwingereza akawakabidhi kisiwa.

"Wafaransa walewale?"

"Wale wengine, Bibi. Wale rafiki."

Bibi akakaa kwenye kimojawapo cha vile viti. Akauliza wenye kisiwa walisemaje. Hawakuulizwa. Na Loth, kwenye hizo hotuba yumo?

Mwalimu akapekua karatasi zake, ingawa alijua. "Hayumo."

"Basi miaka yote hii nimemsamehe nani?"

Kijana akakunja karatasi zake. Akaahidi kwamba kesho atamtaja Loth darasani.

"Mtaje kwa sauti," Bibi akasema. "Mbona viti hukuvihurumia."

Asubuhi Elibariki alimwamkia, akateremka kwenda shule akirudia somo njiani. Bibi alisimama kizingitini, kiganja nyuma ya sikio. Akasikia Mwingereza, akasikia Mfaransa, akasikia kisiwa. Kisha ukungu wa mlima Shengena ukafunga njia, sauti ikapotea kabla haijafika penye jina.

Akarudi ndani. Redio hakuiwasha.

"Loth," akaviambia viti.