Pazia la Upande wa Kulia

Kaka yangu ana akili nyingi, hilo halina ubishi. Tatizo lake ni kwamba anataka watu wadhani alizaliwa amevaa tai.

Droni aliyoiunda ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, na ilijiongoza kwa macho jinsi anavyofanya nyuki. Mama alipomuuliza inaionaje njia, alimweleza kwa uvumilivu ambao sisi wengine hatuupati. Nyuki akipita mahali pembamba hutazama kuta zote mbili. Ukuta ambao madoa na michirizi yake inapita mbio machoni ndio ulio karibu, basi hujitenga nao kidogo. Ukuta mtupu haumwambii kitu. Kwake ni kama hakuna ukuta.

Na korido ya karakana aliyoianzisha na wenzake ilikuwa nyeupe pe. Droni ilijibamiza kila ilipojaribiwa, mpaka Mama alipokaa kwenye cherehani yake, akaunganisha vitambaa alivyobakiza miaka yote ya ushonaji, yakatoka mapazia mawili marefu. La kushoto lilikuwa la mirabamiraba, la heshima zake. La kulia lilikuwa vurugu tupu: maua, vidoti, shuka letu la utotoni, sare yangu ya shule, hata kaptura ya Kaka yenye picha za bata. Tangu yatundikwe, droni ilipita katikati bila kugusa popote.

Siku ya kuja wafadhili, pindo la pazia la kulia lilichanika, na Kaka akatupigia simu asubuhi akihema. Wafadhili wasiporidhika, karakana inafungwa na wenzake wote wanarudi makwao mikono mitupu. Nilimbebea Mama cherehani ndogo ya mkono tukaenda. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anamalizia, wageni walipoingia kabla ya wakati.

Mmoja wao, bwana mwenye miwani, alilitazama pazia akacheka. "Hapa ni karakana au duka la mitumba?"

Alikuwa anatania tu. Lakini nilimwona Kaka akisawajika.

"Samahani sana, tunalitoa sasa hivi," alisema. "Huyu mama ni fundi wa mtaani, huwa anatushonea vitu vidogovidogo."

Mama hakuinua kichwa. Alizitoa pini mdomoni mojamoja, akazichomeka kwenye kola yake. Ningeweza kusema neno moja tu na mambo yakakaa sawa. Sikulisema. Wageni walikuwa wamependeza, mimi nimevaa kandambili, na aibu ileile niliyotaka kumsuta nayo Kaka ilikuwa imenikaba mimi.

Mmoja wa wenzake Kaka alimnong'oneza, "Bosi, upande wa kulia utabaki mtupu."

"Upande mmoja unatosha," alijibu. Alijua fika kwamba hautoshi.

Pazia likashushwa, likakunjwa, akabebeshwa Mama, naye akasimama nalo mlangoni.

Droni iliruka vizuri. Ilipoingia koridoni ikaanza kwenda kulia, taratibu, bila wasiwasi wowote, ikiufuata ule weupe, ikajibamiza. Bawa lake moja lilibingirika mpaka miguuni pa yule bwana wa miwani.

"Ndiyo imekwisha?" aliuliza.

Kaka aliutazama ukuta, kisha akageuka kutazama mlangoni. Hakuna mtihani uliowahi kumtoa jasho lile. Alimwendea Mama akasema, kwa sauti ya chini, "Tafadhali, tulirudishe."

Mama alipanda kiti mwenyewe. Kaka alinyoosha mkono amshike, Mama akauepuka. Alilitundika, akalilainisha kwa kiganja pale penye wale bata, akashuka.

Droni ikabadilishwa bawa, ikarushwa tena. Ilipita katikati hadi mwisho, ikarudi, ikatua mezani. Watu wakapiga makofi. Yule bwana alikwenda kulishika pazia kwa vidole viwili.

"Kumbe hili ndilo linaloiongoza," alisema. "Huyu fundi mmempata wapi?"

Kaka akamtazama Mama. Alikuwa anataka kusema, namjua ndugu yangu. "Huyu ni..."

Mama alimuwahi. "Nakaa hapo mtaa wa pili," alisema kwa upole, akikusanya vitu vyake. "Huwa ananiita akinihitaji." Kisha akamgeukia mtoto wake wa kwanza. "Nimemaliza, bosi. Ukipata kazi nyingine utaniita."

Wageni walikuwa wakimpa Kaka mkono mmoja baada ya mwingine, naye hakumfuata Mama.

Nilichukua cherehani nikatoka. Huko nje Mama aliniuliza kama niliiona ilivyopita katikati, bila kugusa popote.

"Niliiona, Mama," nilimjibu. Sikuweza kumtazama usoni.