Gauni la Regina

Siku za mwanzo Mwasiti hakuwapa wanafunzi uzi. Aliwapa karatasi za mifuko ya saruji, akawaambia wakanyage cherehani mpaka matundu ya sindano yanyooke. Walijifunzia barazani kwake Rusimbi, mjini Kigoma, jirani yake akianika dagaa mbele yao. Asiyetulia alikuwa Verediana, Mrundi aliyeingia nchini kupitia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa.

"Mama Regina, unakanyaga kama unakimbizwa," Mwasiti alimwambia.

"Si nilikimbizwa, Bi Mwasiti?"

Wenzake wakacheka. Yeye akainuka kwenda kutazama ziwa, akarudi, akainuka tena. Kule Kagunga watoto walipakiwa boti moja, mama zao boti nyingine. Boti ya kina mama ilifika Kigoma. Ya watoto ilisemekana imezama, ingawa hakuna aliyeiona ikizama, na binti yake Regina akaandikwa marehemu.

Nguo ya kwanza aliyoshona Verediana ilikuwa gauni la Regina. Hakuwa na wa kumpima, akapima hewa: aliweka kiganja usawa wa kiuno chake, pale kichwa cha mtoto kilipokuwa kikifika. Akakata bila kuacha nafasi ya mshono.

"Limebana," Mwasiti alisema. "Usilie. Kosa la mshono tunafumua, wembe huu hapa. Kosa la mkasi ndilo zito, maana kitambaa ukishakikata kifupi hakirefuki. Tundika hilo ukutani, kata jingine."

Mvua zilipoisha, gauni lilikuwa limerefuka. Mwasiti alilipima kwa futi, akakagua pindo, akakuta mshono ni ule ule uliopinda.

"Mtoto anakula vizuri," alisema, akawarudisha wanafunzi kazini.

Verediana alikwenda kwa karani wa wakimbizi, gauni kwapani. Kibali chake kiliishia mjini. Akikutwa nje ya hapo, anarudishwa kambini. Aliomba kingine, azunguke vijiji vya ufukweni kumtafuta binti yake. Karani, jina lake Anatoli, alikuwa mtu mpole. Alilipima gauni mwenyewe.

"Limekua, Mama, sikatai. Lakini binti ameandikwa amekufa. Sina kibali cha kumtafuta aliyekufa."

"Aliyekufa anakua?"

"Hilo si la ofisi hii. Njoo mwakani."

Alikwenda mwakani, na mwaka uliofuata. Masika moja gauni lilinywea kiunoni. Mwasiti alisema huko aliko Regina kuna homa au njaa. Verediana akaacha cherehani, akawa mtu wa kushuka ufukweni na kupanda, kuuliza kila mvuvi aliyetia nanga. Mwasiti alimfuata.

"Rudi ukashone. Mkono ukitetemeka, shika mishono mirefu, mashuka, mapazia. Kola usiguse. Na usikodolee macho sindano, tazama ukingo wa kitambaa. Utafika tu."

"Nitafika wapi, Bi Mwasiti?"

"Mwisho wa shuka, mama."

Alirudi. Gauni likajaa tena, na yeye akawa fundi. Kifua cha gauni kilipojitokeza, wanafunzi wapya walijifunzia hapo kukata nguo ya msichana. Aliyekosea, Mwasiti alimtuma ukutani akapime la Mama Regina.

Kisha asubuhi moja lilikutwa limeachia tumboni, na pindo la mbele limepanda juu kuliko la nyuma. Aliyewahi kumshonea mjamzito anajua maana yake. Mwasiti alipiga kigelegele, jirani akaitikia huku anageuza dagaa.

Verediana alikwenda kwa Anatoli karibu akimbie. Karani alikuwa ameota mvi. Alilitandaza gauni mezani, akapima tumbo, akavua miwani.

"Mjukuu wangu hajaandikwa popote kwamba amekufa," Verediana alisema. "Nipe kibali nimtafute huyo."

Anatoli aliwaza sana.

"Hoja nzuri," alisema. "Lakini hajazaliwa. Na hata akizaliwa, mama yake ni marehemu."

Alisimama, akampa mkono wa hongera, akamwita Bibi. Kisha akamwomba asogee pembeni, maana foleni ilikuwa imefika nje getini.