Kulwa wa Kidato cha Kwanza B

1.

TANGAZO

Wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza wanataarifiwa kuwa juma hili ni Juma la Kufahamiana. Kila mwanafunzi atashiriki. Ruhusa ya kutoshiriki haitatolewa.

Ofisi ya Taaluma

2.

Msomaji, nikwambie mapema usije ukasema nilikuficha: yule msichana wa dawati la tatu anayeitikia jina la Kulwa ni Doto.

Kulwa mwenyewe alifaulu mtihani wa darasa la saba. Doto alifeli. Fomu ya kujiunga ilikuwa imeshafika nyumbani malaria ilipomchukua Kulwa, na kabla jirani yeyote hajaitwa, baba yao alimshika mtoto aliyebaki mabega yote mawili.

"Aliyekufa ni Doto. Umenielewa?"

Alielewa. Msalabani waliandika Doto, na aliyeshika kopo la rangi ni yeye mwenyewe.

3.

SHUGHULI YA KWANZA. Zunguka darasani, umtafute mwenzako ambaye:

(a) anaogopa kinyonga
(b) hajawahi kulala bwenini
(c) ana pacha

Aweke saini.

Usukumani jina tu linatosha. Ukiitwa Kulwa, una Doto wako. Basi wakamkimbilia wote, arobaini na watatu, na karatasi zao.

Kulwa.
Kulwa.
Kulwa.

Saini ya arobaini ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Hilo lilimtia uchungu kuliko yote.

4.

Bombani, wakisubiri maji, na Nkwimba, jirani yake wa kitanda:

"Wewe na Doto mnafanana?"

"Kabisa. Ila mwenzangu alinitangulia kuzaliwa kwa nusu saa."

"Alikutangulia?"

"Ndi..."

5.

Anayetangulia kutoka tumboni ni Kulwa. Anayefuata ni Doto. Hilo hata kuku wa Usukumani wanalijua, na Nkwimba si kuku.

Nkwimba hakupiga kelele. Alitabasamu, akampa ndoo yake aibebe.

6.

Jumanne: shuka za Nkwimba.
Jumatano: shuka, soksi, nusu ya maharage.
Alhamisi: maharage yote.
Ijumaa asubuhi Nkwimba akamtupia nguo zake za ndani.

"Hapana," Doto alisema.

Hapana moja tu, tena kwa sauti ndogo.

"Sawa, dada," Nkwimba akasema. "Tukutane darasani."

7.

SHUGHULI YA MWISHO: KWELI MBILI, UONGO MMOJA. Mwanafunzi atataja mambo matatu. Darasa litapiga kura kwa mikono kuamua uongo ni upi.

8.

Alikuwa ameandaa trekta. Uongo safi, usio na madhara kwa mtu.

"Naitwa Kulwa. Naogopa kinyonga. Baba yangu ana trekta. Ya tatu, napenda..."

"Madam," Nkwimba alinyoosha mkono kwa adabu zake zote, "tunaomba ya tatu iwe ya pacha wake."

"Wazo zuri," alisema Mwalimu Pelagia. "Haya binti, pacha wako."



"Pacha wangu Doto amefariki."

9.

MATOKEO

Kinyonga: 0
Trekta: 2
Doto amefariki: 41

Mkono wa Nkwimba ndio uliotangulia. Wengine waliufuata kwa kicheko, maana nani anaweza kufiwa na pacha wake halafu aje kulitaja hilo kwenye mchezo?

10.

Moyo una ujinga wake, msomaji. Doto alifurahi. Tangu msalaba ule upakwe rangi, hakuna aliyewahi kusema kwamba yeye yu hai, wala baba, wala mama anayemwita Kulwa hata wakiwa wawili tu jikoni. Leo watu arobaini na mmoja wamesema, mikono juu. Machozi yalimtoka na hakujua yanatokea wapi.

"Umekamatwa!" Mwalimu Pelagia alikuwa anacheka bado. "Kumbe Doto yupo. Haya, yuko wapi?"

Nkwimba aliweka kidevu mikononi.

"Binti, nakuuliza. Doto yuko wapi?"

Kidole cha Doto kilikuwa kimeshaanza kupanda, taratibu, kuelekea kifuani.