Pembe ya Msaragambo

Jumatano moja ya mwaka 1993, saa nne asubuhi, Asnath aliwapanga wanafunzi wa darasa la tano kutoka Maore kwenye ukingo wa ndiva ya Mbwera, milimani juu ya Mamba, akaanza somo. Alikuwa mwelimishaji wa eneo hilo la kihistoria kwa miaka kumi na mmoja, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na upepo.

Aliwaeleza kuwa ndiva ni bwawa la kukinga maji ya kijito usiku, ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani. Akaeleza kuwa tope lake lilizolewa kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima kikiitwa kwa pembe, na aliyeisikia akabaki nyumbani alitozwa jogoo. Kisha, ili waelewe, akaipuliza. Siku nyingine alikuwa akikatisha katikati kwa sababu ya kifua. Siku hiyo kifua kilikuwa kizuri, akaipuliza mpaka mwisho.

Marehemu wakaja na majembe. Walitokea migombani, wengine wamevaa ngozi, wengine suti walizozikwa nazo, wakaingia topeni. Hedwiga, bibi yake Asnath, aliyezikwa miaka ya foleni za sukari, alisimama kwanza kukunja kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tope limefika magotini. Mlikuwa wapi?"

Mwalimu Melkizedeki, aliyewaleta watoto, aliwaambia warudi nyuma wasichafue sare.

Marehemu hawakumsumbua Asnath. Ubao ndio uliomchanganya. Ubao wa maelezo wa ofisi yake, pale kando, ulisema ndiva ilijengwa na Serikali, na hivyo ndivyo alivyofundisha miaka yote.

"Bibi, nani aliichimba?"

"Sisi. Na waliotuzaa. Serikali ilileta ubao."

Asnath akabaki na pembe mkononi, hajui kama miaka kumi na mmoja alikuwa akidanganya au akisoma tu. Wanafunzi waliandika majibu yote mawili.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Clemence, ofisa wa ubinafsishaji kutoka mkoani, mtu mpole mwenye mafua. Kwa kuwa ubao ulisema mali ni ya Serikali, ndiva ilikuwa kwenye orodha ya kuuzwa. Kampuni ya maua ya kule tambarare iliitaka. Ikiipata, mashamba ya tangawizi ya Mbwera, likiwemo la mama yake Asnath, yangekauka. Kama wapo wengine walioichimba, alisema Clemence, waletwe.

Asnath akapuliza pembe. Clemence aliwapanga marehemu mstari mmoja, akachukua alama za dole gumba mia moja arobaini na tatu. Zilikuwa safi kuliko za walio hai, akasifu. Alikwama kwenye anwani ya sasa.

"Migombani," alisema Hedwiga.

Clemence akaandika: hawana. Kisha akamgeukia Asnath.

"Dada, wewe ni mtumishi wa Serikali, na ubao ni wa Serikali. Unaupinga?"

Asnath alimtazama bibi yake, akautazama ubao. Kichwa kilikuwa kizito kama cha mtu aliyeamshwa ghafla, na aliogopa kupunguzwa kazi.

"Nilipoajiriwa niliukuta," alisema.

Clemence aliliandika hilo pia, neno kwa neno, akapenga kamasi.

Kampuni ikanunua. Ikapaka ubao rangi upya, ikamwajiri Asnath kwa kazi ileile, ikampa kofia. Meneja alipenda sana pembe. Ikawa inapulizwa kila Jumatano, na marehemu wanakuja, maana mtu wa Mbwera hawezi kuisikia pembe akakaa. Wanazoa tope mpaka adhuhuri. Maji yanateremka kwenye maua kwa mabomba ya kijani.

Wageni huwapiga picha. Asnath huwaeleza wageni msaragambo ni nini.

Jumatano iliyopita Hedwiga alitoka topeni kupumzika, akakaa karibu na mjukuu wake. Akamuuliza tangawizi ya nyumbani inaendeleaje.

"Inaendelea vizuri, bibi," alisema Asnath.

Bibi akafurahi, akachukua jembe lake, akarudi kazini.