Farasi wa Akeyo

Dativa alihitaji sare tu. Sare moja dhidi ya Akeyo, na nafasi ya mwisho kwenye timu ya klabu yao ya chesi pale Spånga, Sweden, ingekuwa yake.

Lakini Akeyo hakuwa mtu wa kugawa sare. Mkenya huyo aliyeishi Jakobsberg, mji wa jirani, alikuwa bingwa wa klabu miaka nenda rudi, na alicheza kama mtu anayemenya viazi: taratibu, bila kelele, bila kupoteza kitu.

Jumamosi hiyo Dativa alimbana hasa. Alimficha mfalme wake nyuma ya askari watatu, akakataa kuwasogeza. Akeyo akashika kidevu. Meza za jirani zikaanza kuchungulia.

Ndipo Akeyo akamleta farasi wake mahali pa kuliwa na mmoja wa askari hao, bure kabisa.

Mkono wa Dativa ukatangulia kichwa. Alikulia Bukoba kwenye drafti ya vifuniko vya soda, ambako kete ikikaa pa kuliwa lazima uile. Ukiiacha, unanyang'anywa yako na kuchekwa juu. Akamshika farasi. Na kwenye chesi ukishagusa, umegusa: kete ya mwenzako ukiishika, lazima uile. Hapo ndipo alipoona: askari akitoka pale, mlango wa mfalme unabaki wazi.

Akamla. Malkia wa Akeyo akaingia. Kwisha habari.

Wakapeana mikono.

"Umenitegea," Dativa alinong'ona.

"Nikutegee, dada? Nimekukaribisha chakula!" Akeyo alicheka chinichini, maana wengine bado walikuwa wakicheza. "Raundi zote nimekuwa nikikutazama. Ukiwekewa kitu, unakula. Nikajua huyu ni wa drafti. Hata mimi, nimetoka nayo Kisumu, na kuiacha kulinitoa jasho."

Dativa alijaribu kukasirika, ikashindikana. Nafasi imekwenda, na iliuma. Lakini bingwa mzima kuacha meza yake na kuja kusimama nyuma ya mgeni wa klabu kama yeye ili asome mkono wake! Wengine wangemdharau tu. Huyu alijiandaa.

"Mrudishe huyo farasi," akasema.

"Dativa, timu imeshajaa."

"Ya mwakani haijajaa. Mrudishe."

Akeyo akapanga kete upya, akamweka farasi palepale pa kuliwa.

Dativa akaikalia mikono yake yote miwili, akaanza kufikiri.