Mashine ya Mfawidhi

Kama kuna kitu kilichomkera mkunga Agripina kuliko mbu wa masika, ni kile kitambaa cheupe cha kufuma. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufunika kompyuta ya mganga mfawidhi kila mfawidhi anapotoka. Akienda kula, kompyuta inazimwa, inafunikwa, mlango unafungwa na ufunguo unaingia mfukoni. Akienda msibani, vivyo hivyo. Na kompyuta ile ikizimwa, kituo kizima cha afya cha Isunsunu kinabaki gizani, maana mtandao wote ulipitia humo.

Si kwamba hawakuambiwa. Fredrick, fundi kijana kutoka Singida Mjini, alipokuja kufunga mtandao aliwakusanya watumishi koridoni akawaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Dishi liko juu ya paa. Waya wake unashuka kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani, pale koridoni. Kisanduku kinahudumia kompyuta moja tu, basi hiyo moja inafanywa seva ya proksi, na kompyuta za wodi ya wazazi, maabara na chumba cha dawa zinaomba kila kitu kupitia kwake.

"Huyu ndiye anayewachotea maji wote," alisema Fredrick. "Akilala, hakuna anayekunywa. Naomba akae stoo ya dawa, kwenye umeme wa jua, asizimwe usiku wala mchana."

Mfawidhi Melkizedeki alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mtandao ukae stoo na vidonge, halafu mimi mkuu wa kituo nikae na nini? Kitu kikubwa kinakaa kwa mkubwa, kijana."

Basi ukakaa kwa mkubwa. Tena akaupenda kupita kiasi, hasa alipoonyeshwa kwamba proksi inatunza kumbukumbu ya nani amefungua nini. Tangu hapo akawa na kazi mpya. Siku moja alimwita Agripina ofisini ajieleze kwa nini amekuwa akisoma kurasa za wakunga kuhusu wajawazito wanaotokwa na damu. "Nani alikuruhusu?" Agripina, ambaye nusu ya watoto wa shule ya pale kijijini wamepita mikononi mwake, alitakiwa aombe ruhusa ya kusoma ukunga! Alitoka mle ofisini, akaenda kuosha vifaa ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mtandao ulipoanza kukatikakatika, kila mtu akawa na mchawi wake. Wengine walisema ni upepo, wengine wakasema ni kampuni ya mtandao. Melkizedeki akasema ni mwarobaini ulio mbele ya dishi, akaamuru ukatwe. Ukakatwa. Akina mama waliokuwa wakipumzika kwenye kivuli chake wakaanza kusubiri juani na vichanga vyao, na mtandao ukaendelea kukatika kama kawaida. Ni Agripina aliyekuja kugundua kwamba ujumbe wa kompyuta ya wodini, ule wa "seva ya proksi haijibu", hutokea kila mfawidhi anapopanda gari. Kikulacho ki nguoni mwako. Akamfuata, akamweleza kwa adabu zote.

"Mimi nikitoka, nazima," alijibu Melkizedeki. "Hata kwangu taa anazima baba mwenye nyumba. Ikiungua utalipa wewe?"

Mwarobaini haukutajwa tena.

Ijumaa moja asubuhi, Melkizedeki akavaa tai, akazima, akafunika, akafunga, akaondoka kwenda Singida Mjini. Kulikuwa na mkutano mkubwa, na yeye alialikwa awaonyeshe wageni jinsi kituo cha kijijini kinavyotumia mtandao. Alikwenda na gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa, jamani, limepakia mtu mzima mwenye afya njema na begi la suti!

Jua halijapanda sana, bodaboda ikasimama mlangoni. Juu yake kulikuwa na Happiness, binti wa upande wa Kinyangiri, mimba ya miezi minane, na nyuma yake mama mkwe amemshikilia kiunoni. Khanga ya Happiness ilikuwa imelowa damu.

"Tumbo linauma?" Agripina aliuliza akimpokea.

"Haliumi, Sista. Damu tu."

Hilo la kutouma ndilo lililomtisha Agripina. Alimlaza, akampima, akamtundikia maji, akavuta mashine ya kupiga picha za tumboni iliyounganishwa na kompyuta ya wodi. Yeye alifundishwa kupiga zile picha. Kuzisoma kwa uhakika ni kazi ya daktari wa mjini, na ndiyo sababu mtandao uliletwa Isunsunu. Hata hivyo alichokiona hakikumpendeza. Akabonyeza kutuma, na kompyuta ikamjibu wimbo wake uleule: seva ya proksi haijibu.

Simu pale kituoni hupata sauti peke yake, intaneti hamna, tena mpaka usimame karibu na tanki la maji. Agripina alikimbia hadi kwenye tanki akampigia Daktari Benjamin wa hospitali ya mjini.

"Sista, nilete picha," alisema Benjamin. "Gari hapa ni moja, na sasa hivi linaitwa sehemu mbili. Nikiona ninachokihofia, linakuja kwako kwanza na chumba cha upasuaji naandaa. Lakini nionyeshe. Na mama asiguswe kwa ndani."

Hajaweka simu chini, ikaita. Ni Melkizedeki.

"Shikamoo, mfawidhi," alisema Agripina, maana malezi ni malezi.

Marahaba haikuja. "Mnafanya nini huko? Nimesimama mbele za watu, nafungua ukurasa wa kituo kwenye mashine yangu ya huko, hakuna kitu! Nani kachezea mtandao?"

"Mfawidhi, kompyuta umeizima mwenyewe."

"Usinijibu hivyo."

"Nina mama hapa anatokwa na damu. Picha zimegoma kwenda. Niruhusu tuvunje kitasa, tuiwashe."

"Uvunje ofisi ya serikali? Una akili wewe?"

"Basi rudisha gari."

"Gari lina ratiba. Mambo ya wagonjwa tutaongea baadaye. Kwanza niambie, hawa wageni niwaeleze nini?"

Damu ilimchemka Agripina mpaka masikio yakaziba. "Waeleze umezima," alisema, akakata simu. Hajawahi kumkatia simu mkubwa maishani mwake. Mtu amebeba gari, amebeba ufunguo, amebeba na mtandao mfukoni, halafu anauliza awaambie nini wageni! Na Happiness yuko wodini anatazama dari.

Akampigia Fredrick.

"Dada, achana na ofisi," alisema Fredrick baada ya kumsikiliza. "Nenda kwenye kisanduku cha koridoni. Kuna waya mmoja unaingia ukutani kwa mfawidhi. Uchomoe huo, uchomeke wa wodini kwako, ule wa akiba niliouacha hapo pembeni. Usimwombe mtu akuchotee, nenda kisimani mwenyewe."

Kisanduku kilikuwa juu, kimebandikwa karatasi ya Melkizedeki yenye herufi kubwa: MARUFUKU KUGUSA. Mzee Gaspari, mlinzi, alikuwa amekaa chini yake.

"Mzee Gaspari, naomba benchi."

Gaspari alitazama karatasi, akamtazama Agripina. "Mwanangu, hicho ni cha mkubwa. Mimi nina wajukuu."

"Hata yule aliye mle ndani ana wa kwake tumboni. Leta benchi."

Akaleta. Akalishikilia lisiyumbe, lakini uso kaugeuzia upande wa geti, ili akija kuulizwa aseme hakuona kitu. Agripina akapanda, akaing'oa ile karatasi, akachomoa waya wa mfawidhi na kuchomeka wa wodi. Akashuka mbio. Akabonyeza kutuma. Seva ya proksi haijibu.

Alitamani kuipiga ile kompyuta kofi. Akarudi kwenye tanki.

"Bado inamtafuta bosi wake," Fredrick alisema. "Ingia kwenye mipangilio ya mtandao. Pana alama ya vema kwenye 'tumia proksi'. Iondoe."

Akarudi, akatafuta, akaondoa. Safari hii kompyuta haikutaja proksi. Ilisema hakuna mtandao kabisa. Mama mkwe wa Happiness, aliyekuwa akimpepea mkwewe kwa kipande cha boksi, aliuliza taratibu, "Sista, ni hiyo mashine inayokataa, au ni Mungu?"

"Ni mtu, mama," Agripina alisema. "Mungu hahusiki hapa."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili lilikuwa tumbo la kweli. Shuka la Happiness lilikuwa limeanza kulowa upya. Agripina alikimbia tena kwenye tanki, viatu vikimvuka, akavua na kuviacha hukohuko.

"Kisanduku kimeikariri kompyuta ya zamani," alisema Fredrick. "Samahani dada, hilo ningekwambia mwanzo. Kizime, subiri taa zote zife, kiwashe upya, kitaikubali mpya."

Akakizima. Taa zikafa. Akakiwasha, akasimama juu ya benchi akiziangalia zikirudi polepole, nyekundu, nyekundu, halafu kijani. Hakushuka benchini, aliruka.

Picha zilikwenda. Hazikuchukua muda mrefu, jibu la Benjamin likaingia: kondo la nyuma limekaa mlangoni, limeziba njia ya mtoto. Asizalie hapo kwa namna yoyote. Gari limeshatoka. Agripina alisoma mara mbili, akaegemea ukuta, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa gauni na kwenda kubadilisha shuka.

Gari lilifika Happiness akiwa bado anaweza kuitikia jina lake. Alipasuliwa mchana uleule. Alipata mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Daktari Benjamin alimwambia Agripina kwamba wangechelewa kidogo tu, angempigia simu kwa habari nyingine.

Jumatatu Melkizedeki alirudi, akaiona karatasi yake haipo na waya wake unaning'inia. Akaitisha kikao palepale koridoni, watumishi wote na mlinzi, hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakasikiliza.

"Nani aligusa?"

"Mimi," alisema Agripina.

Hapo ikaanza hotuba. Aliongea juu ya nidhamu. Aliongea juu ya mali ya umma, na jinsi alivyotahayari mbele ya wageni waliokuja na kamera, na jinsi mkuu wa kituo jirani alivyomcheka wakati wa chakula. Alisema kisanduku kingeungua. Alisema mtu akizoea kuchomoa waya leo, kesho atachomoa paa. Alisema atamwandikia barua. Agripina alisubiri neno moja, akitumaini kabisa kwamba lipo, labda mwishoni. Mtu hawezi kuwa mganga miaka yote hiyo akakosa hilo neno moja.

"Mzee Gaspari," alimaliza Melkizedeki, "leta benchi, rudisha huo waya kwangu."

Gaspari akanyanyuka.

"Mfawidhi," alisema Agripina, "umeongea muda wote huu, hujauliza yule mama kama alipona."

Melkizedeki akamtazama, kisha akawatazama wengine, kama mtu anayetafuta wa kumkumbusha.

"Mama gani?"

Mzee Gaspari, aliyekuwa ameshapiga hatua kuelekea kwenye benchi, alirudi akakaa chini.